Magunia Yaliyolowa: Kisa cha Karani wa Forodha na Vishazi Rejeshi vya Kiingereza

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika ofisi ndogo ya wakala wa forodha mjini Mombasa, mwendo mfupi kutoka bandari ya Kilindini. Majina na tarehe nimeviondoa, na baadhi ya maelezo ya shehena nimeyabadilisha ili wahusika wasijulikane. Mwalimu aliyeitwa kusaidia ni mwenzangu katika kazi ya kufundisha watu wazima Kiingereza jioni. Mimi nilisoma naye maandishi ya mwanafunzi na kufuatilia kilichoendelea.

Karani anayehusika ni mwanamke kijana, mzaliwa wa Mombasa. Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwao na ya mtaani. Kiingereza alikipata shuleni, akafaulu vizuri kidato cha nne, na leo anakiandika zaidi kuliko anavyokizungumza. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inavitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini makaratasi ya shehena hayampi karani nafasi ya kuchagua. Mteja yuko Kampala, Kigali au Juba, mwenye bima yuko kwingine kabisa, na wote wanakutana kwenye Kiingereza. Kila mzigo unapotolewa kwenye kontena na kuingizwa godauni, karani huandika ripoti fupi ya hali yake. Mteja hauoni mzigo. Anaisoma ripoti, na kwa ripoti hiyo anaamua alipe au asilipe.

Sentensi iliyozua mzozo

Mzigo ulikuwa mchele, magunia ya kilo 50, katika kontena mbili. Kontena moja ilikuwa na tundu kwenye paa, maji yakaingia pembeni, na magunia machache ya pembe hiyo yakaharibika. Yaliyobaki yalikuwa mazima. Karani akaandika:

“The bags, which were torn and wet, were set aside.”

Alichokusudia ni hiki: magunia yaliyopasuka na kulowa yaliwekwa kando. Alichokiandika, kwa msomaji anayekijua Kiingereza cha mikataba, ni kitu kingine: magunia (yote, yale tunayoyazungumzia) yalikuwa yamepasuka na kulowa, nayo yakawekwa kando. Koma mbili zilizoizunguka “which were torn and wet” zilitosha kuuharibu mzigo wote kwenye karatasi.

Mteja alisimamisha malipo. Bima wakataka mkaguzi wao aende godauni. Lori lililokuwa tayari kuondoka likabaki, na gharama za hifadhi zikaendelea kuhesabiwa. Bosi, mzee aliyekulia katika kazi za bandari, alimwita karani na kumuuliza nani kamwambia mteja kwamba shehena nzima imeoza.

“Mzee, mimi sikuandika hivyo.”

Waliisoma sentensi pamoja, wakairudia, na wote wawili wakaiona sawa. Hapa ndipo kisa hiki kinaponigusa zaidi. Kosa la tahajia mtu huliona au huonyeshwa na programu ya kompyuta. Sentensi hii haikuwa na kosa la tahajia wala la sarufi. Ilikuwa Kiingereza safi kinachosema jambo lisilo kweli.

Uamuzi wa kwanza: marufuku

Bosi aliamua kwamba kuanzia siku hiyo ripoti zitaandikwa kwa sentensi fupi tupu, bila “which” wala “who”. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake. Ofisi ilikuwa inapoteza pesa, neno lililoleta balaa linajulikana, basi liondolewe. Ripoti iliyofuata ikaja hivi:

“Some bags were wet. The bags were set aside. The bags were counted. The driver signed.”

Mteja wa shehena hiyo akajibu kwa maswali. Magunia gani yalihesabiwa, yaliyolowa au yote? Dereva gani alitia sahihi? Siku ile kulikuwa na madereva wawili, mmoja aliyeileta kontena kutoka bandarini na mwingine aliyekuja kuuchukua mzigo kwenda bara. Kwa Kiswahili karani angesema “dereva aliyeileta kontena” na pasingekuwa na swali. Marufuku ilikuwa imemnyang’anya kifaa chenyewe cha kazi, kwa sababu kazi ya kishazi rejeshi, yaani maneno kama “aliyeileta kontena” yanayofuata jina na kulieleza, mara nyingi ni kumtenga huyu na yule: gunia hili na si lile, dereva huyu na si mwenzake. Ripoti ya shehena haiandikiki bila kutenganisha.

Uamuzi wa pili: kuanzia kwenye ripoti zake mwenyewe

Mwalimu alipoitwa, jambo la kwanza alilofanya ni kumpa karani zoezi la kawaida la shule, la kujaza mapengo kwa “who”, “which” au “whose”. Karani alilipata karibu lote. Hilo lilimweleza mwalimu jambo muhimu: shida haikuwa kutoyajua maneno. Mazoezi ya namna hiyo humpa mwanafunzi sentensi iliyokwisha kujengwa na kumwachia tundu dogo la kuziba, ilhali kazini anaijenga sentensi nzima peke yake.

Basi akaomba ripoti za zamani na barua pepe alizowahi kutuma, na tukazisoma jioni moja tukiwa na kalamu. Kila sentensi yenye kishazi rejeshi ilinakiliwa pembeni. Makosa hayakuwa ya ovyo. Yalikuja kwa makundi, na makundi mengi yalikuwa na sababu inayoonekana ukikitazama Kiswahili:

“The driver who we paid him has left.”
“The agent who his licence expired came again.”
“The godown which the bags were kept is locked.”

Mwalimu mwingine angeandika “kosa, kosa, kosa” na kuendelea. Mwenzangu aliamua kuziandika sentensi hizo kwa Kiswahili kando ya zile za Kiingereza, na somo likaanzia hapo. Sababu yake, alivyonieleza, ni kwamba karani alikuwa anafuata sarufi iliyo timamu, ila si ya Kiingereza. Mtu akionyeshwa kwamba ana mantiki, anaweza kuihamisha. Akiambiwa hajui, ananyamaza.

Dereva tuliyemlipa

“Dereva tuliyemlipa.” Katika kitenzi hicho kimoja kuna -ye-, kirejeshi kinachomrudia dereva, na kuna -m-, kiambishi cha mtendwa, kinachomrudia dereva huyo huyo. Kiswahili kinamtaja mara mbili na hakuna anayelalamika. Kwa mtu, -m- hiyo karibu ni ya lazima: “dereva tuliyelipa” linasikika kama sentensi imekatika. Kwa vitu kuna uhuru zaidi. “Kontena tuliyofungua” na “kontena tuliyoifungua” zote zinakubalika.

Tuliporudi kwenye ripoti tukiwa na wazo hilo, picha ilijitokeza yenyewe. Karani alikuwa akiandika “him” na “them” za ziada karibu kila alipozungumzia watu, lakini “it” ya ziada ilikuwa nadra. “The driver who we paid him”, lakini “the container which we opened”. Kiingereza chake kilikuwa kinatii kanuni ya Kiswahili ya viumbe hai na vitu. Sijui kama ningeliona jambo hilo kwenye zoezi la kujaza mapengo.

Maelezo ambayo yalimwingia karani yalikuwa haya. Anza na sentensi kamili: “We paid the driver.” Sasa “the driver” amehamishwa mbele, kama abiria wa matatu aliyeitwa kwenda kukaa na dereva. Kiti chake cha nyuma kinabaki wazi, na Kiingereza hakiruhusu mtu mwingine kukikalia. “The driver who we paid ___ has left.” Hiyo “him” ni abiria wa pili kwenye kiti ambacho mwenyewe hajakiuza.

“Kwa hiyo ile -m- yetu ndiyo naiandika pale mwisho?” karani aliuliza.

“Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu. Kiswahili kinaitaka, Kiingereza hakiitaki.”

Kundi la pili lilikuwa la umiliki. “Wakala ambaye leseni yake imeisha”: Kiswahili kinaweka “ambaye” mbele na “yake” nyuma, maneno mawili kwa kazi moja. Kiingereza kinayakusanya katika “whose” na kulibandika kwenye kile kinachomilikiwa: “the agent whose licence has expired”. Hapa mwalimu aliongeza jambo ambalo shule nyingi hazilisemi wazi, kwamba “whose” halihusu watu peke yao. “The container whose seal was broken” ni Kiingereza sahihi kabisa, na kwa mtu wa bandari ni sentensi ya kila wiki.

Kundi la tatu ni la mahali. “Godauni ambamo magunia yaliwekwa”: ile -mo imekwisha kusema “ndani”. Karani alipoandika “which” alihisi amekwisha kutaja mahali, kumbe “which” haibebi mahali. Ama useme “the godown where the bags were kept”, ama “the godown which the bags were kept in”. Hili lilieleweka upesi.

Koma

Kosa lililogharimu pesa, hata hivyo, halikutoka kwenye Kiswahili. Karani alipoulizwa kwa nini aliweka koma, alijibu bila kusita: tangu shule ya msingi alifundishwa kwamba kabla ya “which” kuna koma. Alikuwa ameshika nusu ya kanuni na kuitumia kwa uaminifu miaka yote.

Kiswahili chake hakikumpa kinga pia. “Magunia yaliyolowa” ni maneno mawili, na kirejeshi kimo tumboni mwa kitenzi, hakina pa kuwekewa koma mbele yake. Tunapotaka kutenga tunasema “yale magunia yaliyolowa”, au muktadha unatosha. Koma si chombo tunachokitegemea kwa kazi hiyo, kwa hiyo jicho la msomaji wa Kiswahili halijazoea kuiuliza koma maana.

Mwalimu alimpa jaribio moja na kulirudia mpaka likazoeleka: toa kishazi, kisha uliza kama kilichobaki bado ni kweli. “The bags were set aside.” Je, ni kweli? Hapana, ni machache tu yaliyowekwa kando. Basi kishazi kinatenga, na hakitakiwi kuzungushiwa koma. “The container, which arrived on Monday, was opened at noon.” Toa kishazi: “The container was opened at noon.” Kama ripoti inahusu kontena moja tu na msomaji anaijua, sentensi bado ni kweli. Kishazi kinaongeza habari tu, na koma ziwepo pande zote mbili. Kwa Kiswahili jaribio hilo ni swali la neno moja, “Yapi?” Kishazi kikiwa ndicho jibu la “yapi?”, koma hazina kazi.

Kisha ukaja uamuzi wa “that”. Kiingereza kinaruhusu “the bags which were wet” na “the bags that were wet” kwa maana moja, bila koma. Mwaka 1906 na tena mwaka 1926, H. W. Fowler wa Uingereza, mwandishi wa vitabu vya matumizi ya Kiingereza, alipendekeza “that” ibaki kwa vishazi vinavyotenga na “which” kwa vinavyoongeza. Wahariri wengi wa Marekani wameushika ushauri huo, na Waingereza wengi wanaandika bila kuujali. Mwalimu hakumfundisha karani ushauri huo kama sheria ya lugha. Aliufanya kuwa utaratibu wa ofisi: kwa vitu, “that” bila koma unapotenga, “which” na koma zake unapoongeza. Faida yake ni kwamba mwandishi anapofika kwenye neno analazimika kuamua anatenga au anaongeza, na “that” haikubali koma ya kuongeza habari, kwa hiyo ukiiandika hivyo jicho linagutuka. Mimi nauunga mkono uamuzi huo kwa kazi ya ripoti. Kwa insha au hadithi ningeuacha.

Jambo jingine aliamua kutolifundisha kwa kuandika, nalo ni kuacha kirejeshi kabisa. Kiingereza kinasema “the bags we counted” bila “that”, pale ambapo nomino ni mtendwa wa kishazi. Kiswahili hakiachi kirejeshi chake, na kwa karani sentensi kama hiyo ilionekana imepungukiwa. Akaruhusiwa kuandika “that” kila mara. Lakini alifundishwa kuzisoma, kwa sababu wateja huziandika. Barua pepe moja iliyosema “The documents the driver signed are missing” ilikuwa imemfanya atafute nyaraka na dereva pia.

Matokeo

Ripoti ya mchele ilisahihishwa: “The bags that were torn and wet were set aside. The rest were sound and were stored separately.” Ikaambatanishwa na karatasi ya hesabu ya magunia na picha. Mteja aliikubali baada ya mkaguzi wa bima kuthibitisha, malipo yakaendelea, na gharama za hifadhi za siku za mzozo zikabaki mabegani mwa ofisi. Bosi aliiondoa marufuku yake.

Baada ya wiki kadhaa tulisoma ripoti mpya. Koma zilikuwa mahali pake kila mara. “Him” ya ziada ilikuwa imetoweka kwenye maandishi, ingawa kwenye simu na wateja bado ilisikika. “Whose” ilikuwa inatumika vizuri kwa watu, na kwa vitu bado kwa woga.

Kukazuka kosa jipya ambalo halikuwepo. “The driver that I spoke has left.” “The papers that we are waiting have not come.” Karani alikuwa anafuta zaidi ya inavyopasa.

Uchambuzi

Kosa hilo jipya linaonyesha pale ambapo mbinu ilipungua. Mfano wa kiti kitupu unafanya kazi vizuri kwa “tuliyemlipa”. Haufanyi kazi vizuri kwa “niliyezungumza naye”. Katika Kiswahili, “naye” ni neno moja lenye vitu viwili, “na” pamoja na mtu mwenyewe, na huwezi kusema “dereva niliyezungumza na” ukaishia hapo. Kiingereza kinakata katikati: mtu anaondoka, kihusishi (hapa ni “to”) kinabaki. “The driver that I spoke to.” Karani aliambiwa aondoe kinachomrudia dereva. Kwake kinachomrudia dereva ni “naye” yote, kwa hiyo akaondoa “to him” yote. Alitii somo kikamilifu. Somo ndilo halikufika huko, na mahali pake palikuwa ni siku ile ile ya “him”, kabla kanuni ya kufuta haijawa mazoea.

Mwalimu alifundisha pia “whom”, umbo la “who” linapokuwa mtendwa, na muda huo naona haukuleta faida. Katika ripoti zote tulizosoma hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo “who” badala ya “whom” ingemchanganya mteja. Ni suala la adabu ya lugha iliyo rasmi, na lingesubiri.

Kilichofaa kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kuzipanga sentensi za karani kwa makundi kabla ya kufundisha chochote. Bila hatua hiyo mwalimu angefundisha vishazi rejeshi kwa mfuatano wa kitabu, “who” leo, “which” kesho, na koma zingekuja mwishoni kama pambo. Kupanga kulionyesha kwamba makosa mengi hayakuwa na madhara kwa mteja, na moja lilikuwa na madhara makubwa. “The driver who we paid him” inaudhi sikio, lakini mteja anaelewa. Koma ya magunia haikuudhi sikio la mtu, na ndiyo iliyozuia lori. Mwalimu aliyezoea kusahihisha kinachosikika vibaya hawezi kuipata.

Kiswahili nacho kilisaidia kwa namna mbili tofauti, na inafaa zisichanganywe. Kwa “him”, “whose” na mahali, kilikuwa chanzo cha kosa na papo hapo kikawa maelezo yake. Kwa koma hakikuwa chanzo, lakini kilitoa jaribio: swali la “yapi?” karani angeweza kulijibu akiwa godauni, amesimama, bila kukumbuka istilahi yoyote. Ofisi na shule zinazokataza Kiswahili wakati wa somo la Kiingereza zinajinyima hilo la pili bila kulizuia la kwanza, maana -m- ya “tuliyemlipa” imo kichwani mwa mwanafunzi hata akinyamaza.

Marufuku ya bosi haikuwa ujinga. Ilizuia kosa lisirudiwe kwa siku chache. Udhaifu wake ni kwamba ilitazama neno na si kazi ya neno, na ripoti zikawa na shaka kuliko mwanzo. Shule nazo zina sehemu yake hapa. Zoezi la kuunganisha sentensi mbili kwa “who” au “which” humfundisha mtoto kuunganisha, na halimuulizi kamwe kama anatenga au anaongeza. Zoezi hilo hilo lingeweza kubeba swali hilo kwa kuongeza mstari mmoja: kulikuwa na magunia mangapi, na yaliyolowa ni mangapi?

Kwa sasa karani anaendelea na vitenzi vinavyobeba kihusishi, vile anavyovitumia kazini. Kila kimoja kinaandikwa daftarini kwa Kiswahili na Kiingereza, na kihusishi kinapigiwa mstari: nyaraka tunazozisubiri, “the papers that we are waiting for”, mzigo alioutilia sahihi, “the cargo that he signed for”, wakala niliyezungumza naye, “the agent that I spoke to”.